Ngome ya Kuku, Kinondoni

Kinondoni, 18 Januari 1950

Shoga yangu Badriya,

Salamu zitakuja nyuma, kwanza nikupe habari nikiwa bado na nguvu ya kuishika kalamu. Salumu amekufa. Alikanyaga msumari bandarini akipakua mbao, akafunga kitambaa, akaniambia nisimlilie kama mtoto, mwanamume hachutami kwa msumari. Siku chache baadaye taya likajifunga. Pepopunda haisikii dua wala dawa. Tulimzika Ijumaa, na tangu hapo nimo ndani na nguo nyeupe, nakaa eda. Shangazi Mwanakombo aliyenilea amekiacha chumba chake cha kupanga, amekuja kukaa nami.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Sitoki hata kwenda kisimani. Basi kabla khitma haijapoa, shemeji yangu Mwinshehe alikuwa uani anaikagua minazi, anaitazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi. Kisha akakaa barazani, akamwambia shangazi kwa sauti ya kunisikilizisha mie: marehemu hakuacha mtoto, kwa hiyo mjane ana robo, ndugu ana iliyobaki, na eda ikiisha nipewe changu nirudi kwetu. Shangazi akamuuliza hiyo robo ni ya mlango au ya paa. Akarudi kwenye minazi.

Shoga, nyumba hii si ya mirathi, nawe unajua. Mwaka ule tulipolazwa vitanda jirani kliniki ya Temeke, mie nimempoteza mtoto wangu nawe umempoteza wako, Salumu alikuja akaketi sakafuni mbele yako na mbele ya Bi Nora mkunga wetu. Akasema: "Mwamvita, kama hatukujaliwa mtoto wa kukutunza, basi uwe na ukuta. Nyumba ya Kinondoni na minazi yake nimekupa wewe, leo hii." Bi Nora akamwambia arudie, akarudia. Ndipo bibi yule akatusimulia habari za Bi Gronya wa kwao Ayalandi, aliyefiwa na mume zamani za kale, maadui wakaja kuitaka ngome wakidhani mjane hana lake. Akaliyeyusha bati la madini ya risasi lililoezekewa paa, akawamwagia waliokuwa wanapanda. Mumewe aliitwa Jogoo na ngome ilikuwa ya Jogoo; tangu siku ile mpaka leo wenyeji wanaiita Ngome ya Kuku. Ulicheka mpaka ukashika tumbo lenye mshono, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikuona unacheka.

Mwambie Bi Nora kwamba eda ikiisha kesi itasikilizwa barazani kwa liwali, na ninamhitaji aje aseme alichosikia. Nawe ulikuwepo. Lakini najua ya kwenu, sikulazimishi.

Mwenzio mwenye nguo nyeupe,
Mwamvita binti Bakari


Temeke, 29 Januari 1950

Kwa mpenzi wangu Mwamvita,

Mwenyezi Mungu amlaze Salumu mahali pema, na akupe subira. Leodegar, dresa anayefunga vidonda kliniki, aliniletea barua yako pamoja na dawa ya mafua ya watoto wa kaka Muhdhar, nikaisoma jikoni nikalia hadi wali ukaungua. Ningekuja. Kaka yangu amesema mwanamke aliyeachika, akila kwa nduguye, hatembei-tembei kwenye misiba ya mbali. Unanijua, sikubishana naye.

Barua yako nilimsomea Bi Nora. Uso ulimwiva kwa hasira. Alisema atakuja barazani hata kwa miguu mitupu. Akanikumbusha kwamba Bi Gronya, alipokwisha kuzeeka, alipanda chombo akaenda mwenyewe kwa malkia wa Waingereza, na wanasema hakumwinamia. Aliulizwa mambo mengi, na miongoni mwa aliyoyaeleza ni kwamba mila za kwao hazimpi mjane theluthi ya mali ya mumewe. Bi Nora akasema, miaka yote hiyo, na bado wajane wanaulizwa watalala upande gani wa nyumba.

Jumatano ni sikukuu yake ya Bi Brijidi, mtakatifu wa kwao. Unakumbuka kile kitambaa cha merikani anachokianika nje usiku wa kuamkia siku hiyo, ili Bi Brijidi akipita akibariki, kisha mwaka mzima anamwekea tumboni mama mwenye uchungu? Mwaka huu ameniomba nikitarizi. Sura za watu sitarizi, kwa hiyo tumekubaliana alama. Joho la Bi Brijidi, aliyemwomba mfalme ardhi ya kutosha joho lake tu, akalitandaza likatanuka mpaka likafunika uwanda mzima. Kuku wa Bi Gronya. Na bawa la yule dada aliyegeuzwa ndege na mama wa kambo, akawakumbatia wadogo zake baharini miaka na miaka. Bawa limenishinda, nimelifumua na kulirudia. Bi Nora anasema ni zuri, lakini nikimaliza nisizoee kukishika, maana kitambaa hicho hakitoki kliniki. Alishamnyima hata mke wa bwana mkubwa mmoja wa Oyster Bay aliyetuma gari.

Jambo jingine. Mwinshehe amekuja dukani kwetu. Walizungumza na Muhdhar nyuma ya magunia ya mchele. Mimi nilipeleka kahawa tu.

Kuhusu kuwepo kwangu siku ile, usijisumbue. Bi Nora anatosha. Neno la Mzungu mmoja mbele ya baraza ni zito kuliko neno la wanawake kumi kama sisi.

Akuombeaye,
Badriya binti Zahor


Kinondoni, 15 Februari 1950

Shoga,

Nakuandikia nikitazama mawingu, na sijatoka nje.

Mwinshehe alikuja asubuhi na watu wenye ngazi. Akasema makuti yameoza, lazima waezeke upya kabla ya masika, kwa heshima ya marehemu. Mie ndani nimejifunika kanga kichwani, wanaume wasioruhusiwa kuniona wanatembea juu yangu kama panya. Shangazi aliwaambia makuti ya chumba changu ni ya mwaka juzi, tuliyashona mie na Salumu kwa mikono yetu. Wakayavuta hayo hayo kwanza. Adhuhuri ilipofika hapakuwa na paa ila kipande juu ya jiko. Makuti mapya yanakuja, ndivyo alivyosema. Yanakuja kutoka wapi, labda Maka.

Mwalimu wa madrasa nimemuuliza kwa kumtuma shangazi. Amesema nyumba ikiharibika mwenye eda anaruhusiwa kuhamia penye usalama. Vizuri. Sharia inaniruhusu kutoka, ila Mwinshehe hataniruhusu kurudi. Atagonga mbao mlangoni kabla sijafika barabarani, kisha atazunguka mitaa yote akisema mke wa nduguye hakuweza hata kumkalia eda.

Na mnunuzi nimeshamjua. Ni Muhdhar kaka yako. Mji unapanuka, barabara inakuja, anataka kujenga duka hapa. Sikuandikii kukulaumu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nawe tangu uachike umekuwa mgeni katika nyumba ya baba yako mwenyewe. Nilitaka tu ujue kwamba ninajua, tusije tukawa tunazungushana.

Bi Nora hajambo? Naomba aniandikie japo mistari miwili.

Mwamvita


Temeke, 21 Februari 1950

Mwamvita, mtoto wangu,

Badriya ameniambia unataka mistari yangu. Nina homa, kwa hiyo itakuwa mifupi, na Kiswahili changu utakisahihisha wewe.

Nitakuja. Nilimsikia mume wako mara mbili, kwa sababu nilimlazimisha arudie. Kwetu, babu yangu alitolewa katika nyumba yake kwa sababu hiyo hiyo, hakukuwa na mtu wa kusema. Walivunja paa pia. Ni njia ya zamani sana ya kumtoa mtu, wala haikuanzia kwenu.

Nyinyi wasichana wangu mnapenda habari za wanawake wa kwetu, na pengine nimewasimulia vibaya. Mnadhani wote walishinda. Mwaka aliokufa Bi Gronya, watu wake walikuwa wameshindwa vita. Yule aliyegeuzwa ndege, aliporudi kuwa mtu, alikuwa kikongwe, akafa. Siwasimulii kwa sababu walishinda. Nawasimulia kwa sababu walisema kwa vinywa vyao wenyewe, hawakumngoja mtu awasemee.

Badriya alisikia kama nilivyosikia mimi. Nimemwomba tuje pamoja. Amenyamaza, na mimi simvuti. Mtoto havutwi kabla ya wakati wake, na neno ni hivyo hivyo. Lakini mimi ni mkunga, na ninajua pia kuna kuchelewa.

Jifunike kifua. Kunywa maji yaliyochemka.

Nora


Temeke, 4 Machi 1950

Ndugu Leodegar,

Nakuandikia kwa kuwa dukani siwezi kusema nawe mbele ya kaka yangu.

Tangu tulipomzika Bi Nora, wewe ndiye pekee unayekwenda Kinondoni na kurudi. Nakuomba usimwambie Mwamvita. Yule sasa anakaa chini ya mbingu tupu, na kinachomshikilia ni kuamini kwamba Bi Nora atakuja kumsemea. Akijua hayupo ataondoka, na akiondoka nyumba imekwenda. Najua wewe na imani yako hampendi uongo. Huu si uongo, ni kuchelewesha msiba kwa mtu ambaye tayari ana msiba. Akikuuliza, mwambie bibi ana kazi nyingi.

Ule mfuko niliokupa una kitambaa cha kliniki. Nilikichukua kabatini kabla ya wageni kutoka misheni kuja kufungasha vitu vyake. Mpelekee, mvua zinakaribia.

Badriya


Temeke, 6 Machi 1950

Kwa mpenzi wangu Mwamvita,

Bi Nora anakusalimu sana. Homa ilimwacha, ila akina mama ni wengi mwezi huu na hana nafasi ya kushika kalamu, kwa hiyo atakuwa akinituma mimi. Anasema umshikilie Mungu na uishikilie nyumba.

Amekuletea kitambaa chake. Alama zote tatu nimezimaliza, na bawa limekubali mwishoni. Anasema joho la Bi Brijidi lilifunika uwanda, basi litashindwaje kufunika kitanda kimoja. Najua mwenye eda havai mapambo, lakini kujifunika si kuvaa.

Huku hatujambo. Muhdhar ana hasira siku hizi, sijui ni biashara. Mimi namaliza kofia mbili za watu wa Zanzibar.

Akuombeaye,
Badriya


Kinondoni, 27 Machi 1950

Shoga yangu,

Masika yameanza. Mvua ya kwanza ilikuja na upepo wa baharini, ikaingia chumbani bila hodi. Tumekivuta kitanda kwenye pembe ya jiko, pale walipotuachia kile kipande cha makuti, lakini kuni nazo zataka pakavu, kwa hiyo tunapokezana: leo kuni, kesho mie. Shangazi ananicheka, anasema nimepata bahari yangu kama Bi Gronya, nimekosa chombo tu. Kifua kinanibana kidogo. Majirani wanaleta uji na kupita haraka, maana Mwinshehe anakaa kwenye kibanda cha ng'ambo ya njia akitazama nani anaingia na nani anatoka.

Kitambaa kimefika. Nimekitazama siku nzima. Kuku umemweza, ana jicho la ukorofi. Bawa ni zuri kuliko vyote. Mwambie Bi Nora nimeshukuru, kwa kuwa najua thamani ya alichokitoa.

Sasa nina swali, na nataka umfikishie kama nilivyoandika, usiongeze wala usipunguze. Niondoke au nibaki? Mwalimu wa madrasa ananiambia niondoke. Shangazi anatazama chini. Mwinshehe anasubiri. Bi Nora akisema niondoke, nitaondoka kesho, nitakwenda kwenye chumba cha shangazi, penye bati. Akisema nibaki, nitabaki nikijua ananijia. Na muulize tena: ikiwa yeye atashindwa kuja, yuko mwingine aliyesikia?

Najua utajibu upesi, Leodegar anarudi huku wiki ijayo.

Mwamvita


Temeke, 3 Aprili 1950

Kwa mpenzi wangu Mwamvita,

Nilimsomea Bi Nora swali lako kama ulivyoandika. Alifikiri, halafu akasema ubaki.

Akanisimulia upya habari ya yule dada aliyegeuzwa ndege. Asubuhi hii hii, tukikunja bandeji. Alisema bahari ile ilikuwa ya baridi hata manyoya yakagandana na mwamba, na wadogo zake wakataka kuruka waende popote. Yeye akawaambia hapa ndipo tulipopangiwa kukutana, tukitawanyika nani atatujua. Akawaweka mmoja chini ya bawa hili, mmoja chini ya lile, mdogo kifuani. Bi Nora anasema mvua ya Kinondoni ina mwisho, na eda ina mwisho, na siku ya baraza atakuja na Leodegar kwa gari la misheni.

Swali la pili hakulijibu sana. Alisema yeye yupo, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta mwingine.

Jifunike kifua, ndivyo anavyosema kila siku.

Badriya


Kinondoni, 22 Aprili 1950

Shoga,

Naandika nimelala, utanisamehe mwandiko. Ukuta wa upande wa kusini umelainika, udongo unamomonyoka vipande, na mie nakohoa usiku na mchana mpaka shangazi analia akidhani nimelala. Leodegar ametaka kunibeba hospitali kwa baiskeli. Nimekataa. Mwinshehe alikuwa amesimama kwenye njia na mbao zake na nyundo, wala hakuzificha.

Hebu niambie, Bi Nora anakula? Alipokuwa na homa ile alikonda? Nakumbuka anavyopenda muhogo wa nazi na hawezi kuupika. Nampikia kichwani mwangu.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mwamvita


Temeke, 26 Aprili 1950

Mpenzi wangu,

Anakula vizuri. Amenenepa kidogo. Anasema umebakiza kidogo tu.

Nenda hospitali ukizidiwa, hilo nasema mimi.

Badriya


Kinondoni, 6 Mei 1950

Badriya, shoga yangu,

Barua hii naisema kwa mdomo na Leodegar anaandika, kwa kuwa kalamu imenishinda. Ameahidi kuandika yote na kutotia lake.

Bi Nora amekufa. Nimejua tangu siku kitambaa kilipofika, wala hakuna aliyeniambia. Leodegar aliitunza siri yako mpaka nilipomuonea huruma nikamwambia siri gani hiyo, baba, ukae ule uji. Kitambaa kile hakitoki kliniki. Wewe mwenyewe uliniandikia. Alimnyima mke wa bwana mkubwa, atanipa mie nikakiweke kwenye mvua, na akina mama wanazaa kila siku? Nilipokifungua tu nikakiweka usoni nikamlilia Bi Nora kimya kimya, shangazi akidhani namlilia Salumu. Niliwalilia wote wawili, kitambaa kikatosha.

Sasa nisikufiche, niliudhika. Niliudhika sana. Kwa sababu nilipotambua hayupo, nilijua sasa tumebaki wawili tuliomsikia Salumu, na mmoja wetu ndiye mwenye kesi, ushahidi wake hauhesabiwi. Umebaki wewe. Ndiyo nikakuuliza lile swali. Sikuwa namuuliza maiti. Nilikuwa nakuuliza wewe. Nilitaka uniambie, "Baki, nitakuja kusema." Au uniambie, "Ondoka, Mwamvita, mimi siwezi, namwogopa kaka yangu." Ungeniambia niondoke ningeondoka siku ile ile, nikalala penye bati, na kifua changu kisingefika hapa kilipofika. Nisingekulaumu hata chembe. Lakini ulinijibu kwa mdomo wa marehemu. Nikakuuliza tena, anakula? Nikikupa nafasi. Ukamnenepesha.

Usijibebeshe yote. Nilibaki pia kwa ukaidi wangu, na kwa sababu makuti yale tuliyashona na Salumu tukiimba. Na barua zako nilizingoja. Hata nikijua umezibuni, ile ya ndege nilimfanya shangazi anisomee tena, naye hata hajui kusoma, akawa anarudia nilivyomkaririsha. Umekuwa msimulizi kumshinda bibi mwenyewe.

Joho la Bi Brijidi lilitanuka. Hili halikutanuka, shoga. Linavuja pale kwenye kuku.

Nimeusia mbele ya mwalimu wa madrasa. Theluthi ya kilicho changu ni ya shangazi Mwanakombo, iliyobaki sharia inajua pa kuipeleka. Lakini ili kiwe changu lazima mtu aseme. Baraza litakaa ile Jumatatu baada ya eda, nife nisife, kwa sababu Mwinshehe ana haraka ya kuuza. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Mie sitakuwapo. Wewe upo.

Najua ukisema kweli Muhdhar atakufungia mlango. Nimeshamwambia shangazi. Atakufungulia wake, hata kama ni mlango usio na nyumba.

Mwamvita, aliyekupenda
(kwa mkono wa Leodegar)


Kinondoni, 19 Mei 1950

Kaka Muhdhar,

Shikamoo.

Utakuwa umekwisha kuona kwamba simo ndani. Usiwapige watumishi, hakuna aliyenisaidia. Nilivaa buibui langu nikatoka kwa mlango wa duka, wewe ukiwa msikitini, nikatembea mpaka nilipopata gari la mkaa. Sijawahi kutembea hivyo tangu nilipozaliwa. Miguu imevimba.

Barua ya Mwamvita ilinifikia ikiwa imechelewa, kwa sababu uliikuta wewe kwanza na kuiweka mfukoni mwa koti, nami niliikuta nikifua. Mpaka nafika hapa walikuwa wamekwisha kumzika. Shangazi yake aliniambia tusi la kumbebea maiti lilifunikwa kwa kitambaa nilichokitarizi mimi. Sikuulizwa, wala nisingekataa. Sasa amekirudisha, kinaning'inia juu ya pembe tunayolala, na mvua inapita.

Eda yake ingekwisha kesho. Nimekaa mahali alipokuwa akikaa, nimepaona alipokuwa akipaona: anga, ukuta uliomomonyoka, na Mwinshehe ng'ambo ya njia na mbao zake. Leo alikuja akaniuliza mimi ni nani hapa. Nilimwambia jina langu. Akasema anamjua kaka yangu. Nikamwambia hata mimi namjua.

Jumatatu nitakwenda barazani. Nitasema Salumu alikaa wapi, alisema nini, na kwamba Bi Nora alimwambia arudie naye akarudia. Najua watakavyonijibu, na wewe unajua pia, kwa hiyo usijisumbue kunitumia mtu wa kunieleza. Watasema mwanamke mmoja hatoshi, shahidi wa kiume hayupo, Mzungu amekufa. Huenda nyumba ikaenda, ukajenga duka lako. Nitakuwa nimesema. Kwa miezi hii yote nilimsemesha maiti ili mimi ninyamaze, na mtu aliyekuwa akinisikiliza amekufa akingoja sauti yangu. Nalia ninapoandika hivi, kaka, na silii kwa ajili ya kukuogopa wewe.

Nguo zangu usizitume. Kofia mbili za watu wa Zanzibar zipo juu ya kabati, zimekwisha, wape wenyewe. Watoto unibusie.

Na ukimwona Mwinshehe dukani mwambie asipoteze mbao zake. Paa ameshaliondoa. Tumebaki sisi, mimi na Bi Mwanakombo, na hatutoki.

Mimi,
Badriya binti Zahor,
niliyesikia kwa masikio yangu